Urujuani wa Mzee Inokuma

Jumanne, 1 Novemba 1977

Baridi imeingia Kyoto bila kubisha hodi. Stovu la mafuta la ofisi linanuka, na Bwana Sugahara, katibu wetu, hataki lisogezwe karibu na kabati la vitambaa. Moshi huharibu rangi, anasema. Basi sisi tunatetemeka, vitambaa vinastarehe!

Leo amenipa kazi. Kitabu cha Rangi kinatoka mwakani mapema, na mbele yake panatakiwa kurasa chache: historia ya Chama cha Rangi na madhumuni yake. “Wewe umesoma chuo kikuu, binti Tsukuda,” akasema. “Umesoma mashairi ya marehemu. Hawa wetu bado wako hai, itakuwa rahisi.” Akacheka peke yake.

Mimi nimeogopa. Niko hapa kama karani tangu Aprili na sijui kama nitabakizwa. Mjomba ndiye aliyeniombea nafasi. Nikiharibu, nimeharibu jina lake.

Nimeandika sentensi moja: “Chama chetu hukusanya watu wa fani zote wanaoshughulika na rangi.” Nimeifuta. Ni kweli, lakini ni sawa na kusema mto una maji. Ninaowaona mikutanoni ni hawa: profesa wa fizikia na mashine yake, daktari wa macho, mchoraji, watia rangi wenye kucha za nili, walimu wa shule, mtu wa kiwanda cha rangi za nyumba, na bwana mmoja anayetengeneza meno ya bandia ambaye hasemi kamwe. Wanainamiana. Wanakunywa chai. Kila mmoja anasoma karatasi yake, wengine wanapiga makofi. Hicho ndicho chama?

Nitamwuliza Mzee Inokuma, mtia rangi. Kati ya waanzilishi amebaki yeye tu.


Ijumaa, 4 Novemba

Nimetoka karakanani kwa Mzee Inokuma, ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimeandaa maswali yangu kwenye karatasi. Hakujibu hata moja! Alisimulia tu, huku anakoroga sufuria.

Ilikuwa baada ya vita, mwaka wa arobaini na nane. Hekalu moja lilitaka pazia jipya mahali pa lile lililoliwa na nondo. Bwana aliyemfunza Inokuma kazi akatia rangi kipande cha mfano. Mchoraji wa pazia akasema siyo. Wakaitwa wasuluhishi wawili, profesa wa fizikia na daktari wa macho, wakakaa karakanani kubishana. Ilikuwa usiku na umeme umekatika. Profesa ana nambari, daktari ana maelezo ya jicho, mchoraji ana hasira. Inokuma alikuwa fundi mgeni, ametoka jeshini juzi, mdogo kuliko wote pale. Akasema, “Mabwana, mnabishania mshumaa.”

Asubuhi wakatazama tena kwenye dirisha la kaskazini, na wote walikuwa wamekosea, kila mmoja kwa namna yake!

Ndivyo chama kilivyozaliwa. Dhumuni la kwanza, anasema Mzee, lilikuwa kukosoana. Profesa amkosoe mtia rangi, mtia rangi amkosoe mchoraji, daktari awakosoe wote. Rangi haina mwenyewe. Kuta za hospitali, mbao za shule, alama za barabarani, yote hayo yalikuja baadaye, watu walipoanza kuwaomba ushauri. Na kwenye Siku ya Kutazama, wanapolinganisha rangi mpya na za zamani, mdogo kuliko wote ndiye aliyesema kwanza, ili asipate mkubwa wa kumfuata.

“Niliwakosoa watu wenye mvi mpaka mke wangu akaona aibu kwenda sokoni,” akasema.

Nikauliza kwa sauti ndogo: mbona siku hizi huanza mkubwa? Desturi iligeuka lini?

Alijikuna shingo. “Nilipokuwa mkubwa mimi,” akasema. Akacheka mpaka akakohoa, mkwe wake Chizu akaja kumpigapiga mgongo.

Nampenda mzee huyu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna wa kusoma.

Wakati wa kuaga akaisifu skafu yangu. “Umefanya vizuri kuvaa kijivu, binti. Kijivu hakidanganyi jicho.” Skafu ni ya samawati. Mama aliifuma. Nilidhani ananitania, nikacheka. Chizu hakucheka.


Jumanne, 8 Novemba

Hariri imefika! Chizu kaileta kwa baiskeli, imefungwa karatasi nyeusi. Kitabu chetu hakitakuwa na picha za kuchapwa. Kila ukurasa utabandikwa kipande cha hariri halisi iliyotiwa rangi na Mzee. Kitakwenda kwenye karakana na shule kila mahali, na mtu akitaka kujua rangi fulani ya kale ilikuwaje, ataweka kidole hapo.

Ya mwisho kuletwa ni urujuani, yaani zambarau, ule wa mizizi, unaokozwa kwa maji ya jivu la mti wa mkamelia. Jivu likizidi, rangi hukimbilia buluu. Likipungua, hurudi kwenye wekundu. Ni mchezo wa kijiko tu. Mzee ameutia bila kuja kutazama Kipande Mama chetu, kitambaa cha kwanza kabisa, kilichomo gizani ndani ya sanduku tangu enzi za waanzilishi. Hana haja, anasema. Anaujua urujuani wake kama mtu anavyozijua ngazi za nyumbani kwake.

Bwana Sugahara alikuwa kwenye simu. Nikafungua karatasi kwenye dirisha la kaskazini, kama nilivyofundishwa.

Ni buluu!

Siyo buluu kabisa. Lakini umeelemea huko, kama mlevi anavyoelemea ukuta. Nikatazama pembeni, kwenye ukuta wa kijivu, mpaka macho yakatulia. Nikatazama tena. Vile vile.

Nikafunga haraka. Bwana Sugahara akafunika simu kwa kiganja, akauliza vipi. Nikasema nzuri sana.

Labda ni macho yangu. Mimi ni nani? Nimesoma fasihi.


Jumatano, 9 Novemba

Bwana Sugahara alipokwenda kula tambi nilijipima macho kwa yale mabango ya nukta tunayowapimia watoto wa shule. Sikukosa hata bango moja. Afadhali ningekosa.


Jumamosi, 12 Novemba

Siku ya Kutazama. Nataka kuandika yote kabla sijaanza kujitungia udhuru.

Mawingu mepesi, mwanga mzuri, kila mtu alisifu. Wote tumevaa makoti ya kijivu ili nguo zisitupe rangi mezani. Bi Kuze, mchoraji, alifutwa rangi ya mdomo mlangoni kama kila mwaka, wanasema, na kama kila mwaka akalalamika. “Bila mdomo mimi ni maiti, Sugahara. Utanizika wewe?” Wakacheka.

Tukatazama kimya, rangi moja baada ya nyingine: Kipande Mama cha rangi hiyo kushoto, hariri mpya kulia. Nyingine zilipita. Sikuweza kuzitazama vizuri, moyo ulikuwa unangojea ile ya mwisho.

Urujuani ukawekwa. Vikiwa pamoja, hata mtoto angeona. Kushoto zambarau iliyoiva, kulia kitu kingine. Nikawatazama watu badala ya kitambaa. Profesa Hatano anasugua miwani. Daktari Oginuma anatazama kucha zake. Bi Kuze anatazama dari. Bwana wa meno amefumba macho kabisa!

Ndipo Mzee Inokuma akasimama. Akasema binti huyu alikuja kwangu juzi, akaniuliza swali zuri. Tumeiacha desturi yetu. Leo mdogo aanze.

Wote wakanigeukia.

Sijui nilisimama vipi. Alinitazama—anatabasamu, ana hamu, kichwa kimeinama kidogo upande kama mtu anayesikiliza mvua. Alitaka kujua. Sasa naona kwamba alitaka kweli. Pale nilidhani ananipa heshima tu, na heshima hurudishwa kwa heshima.

Nikasema, “Naona zinafanana.”

Niliwasikia wakishusha pumzi. Chumba kizima!

Lakini Mzee akatikisa kichwa. “Hapana, binti. Hazifanani. Usiniogope. Tazama.” Akainama mezani mpaka pua ikakaribia kitambaa. Akakaa hivyo muda. Akasema hariri ya zamani imegeuka. Imeingia wekundu, imezeeka. Tumeiweka mno. Hii mpya ndiyo urujuani wenyewe.

Bwana Sugahara akasema nami naona hivyo. Profesa akasema naye aona hivyo. Daktari naye. Wakazunguka meza yote, nami naona hivyo, nami naona hivyo, mpaka yule wa meno, ambaye sijawahi kumsikia sauti. Ana sauti nyororo.

Wameamua: Kipande Mama kiondolewe sandukuni, na hariri mpya ikae mahali pake. “Tumstaafishe Mama kwa heshima,” alisema Bwana Sugahara, akanipa nikakiweke popote. Kipo kwenye droo yangu, chini ya bahasha.

Kitambaa kilichokaa gizani miaka yote hiyo wamekihukumu, ili wasimguse mtu. Na mimi nilikuwa wa kwanza.


Jumapili, 13 Novemba

Nimefua. Nimesaidia kutia chumvi kabichi. Mama anauliza una nini, nikasema kichwa.

Maneno mawili tu! Angalau ningesema sijui. Hata kulia kungetosha.


Jumanne, 15 Novemba

Nimekwenda maabara kwa Profesa Hatano, eti nakusanya habari za historia. Nikauliza kama amewahi kuvipima vipande mama kwa mashine. Hupima kila mwaka, akasema. Basi urujuani wa zamani umegeuka kiasi gani, nikauliza.

“Haujageuka.”

Aliendelea kumenya chungwa.

“Lakini Jumamosi ulisema, Profesa—”

“Nilisema naona hivyo. Sikusema nimepima hivyo.” Akanipa kipande cha chungwa. Akaeleza kwa upole, kama kwa mwanafunzi mzito: nambari ni zangu, jicho ni la Oginuma. Mimi nikianza kuwaambia watu macho yao yana nini, Oginuma naye ataanza kufundisha fizikia, na hapo tutavunjika. Chama kimedumu kwa sababu kila mtu anakaa kwenye mkeka wake.

Nikala chungwa. Lilikuwa tamu, hilo ndilo lililoniudhi.


Alhamisi, 17 Novemba

Daktari Oginuma alinipokea kati ya mgonjwa na mgonjwa. Nilikuwa sijamaliza kuuliza akafunga mlango.

Mtoto wa jicho, akasema. Macho yote mawili. “Naona nikiwa ng'ambo ya meza. Anaitazama dunia kupitia chai.” Buluu humfikia imekufa, kwa hiyo anaongeza jivu, anaongeza, mpaka aione. Kwake yeye ule ni urujuani halisi. Hasemi uongo.

Mbona humwambii? Uso wake ulibadilika. Hajaja kliniki, akasema. Daktari hamkimbilii mtu barabarani na ugonjwa wake mkononi. “Na akinikubalia nimpasue, atavaa miwani mizito kama chupa, na kila karakana ya Kyoto itajua. Nani atampa tena kazi ya rangi? Na zaidi ya hayo, urujuani ni neno la watia rangi. Hatano ana nambari zake, aseme yeye.”

Nikamwambia Profesa anasema ni juu yako.

“Ah, anasema hivyo?” Akacheka kidogo, akamwita mgonjwa.

Niliposhuka ngazi nilimkuta Bi Kuze anangoja dawa. Rangi ya mdomo imerudi, nyekundu kama lango la hekalu. Akanishika mkono. “Umetoka kuuliza la urujuani. Usinidanganye, uso wako ni dirisha.”

Nikamwuliza naye alionaje.

“Nilionaje! Mwanangu, mimi nimekula rangi kwa mkate miaka arobaini na kitu. Ile ni buluu ya sare za polisi. Lakini nikimwambia mtia rangi kwamba rangi yake siyo yake, atanimwagia ndoo.” Halafu akaacha utani. Akasema sote tulikuwa tunakungoja wewe. Alipokusimamisha nilisema moyoni, Mungu ametuletea njia. Mdogo akikosea husamehewa, mdogo akisema kweli husamehewa pia. Mkubwa hana msamaha. “Ungesema tu, sisi tungekufuata kama bata. Tulikuachia mlango, wewe ukaufunga.”

Akanipigapiga shavu, kwa huruma. Afadhali angenipiga kofi.

Kwa hiyo wote walijua. Walikuwa wamekaa pale, kila fani na ukweli wake mfukoni, wakiingoja sauti ya karani.


Jumamosi, 19 Novemba

Nimemwambia Mama. Alikuwa anachoma samaki, hakugeuka. Akasema mdomo uliponza kichwa. Akasema mjomba wako alikwenda mara tatu na zawadi mkononi kukutafutia kiti hicho. Baadaye, tunakula, akauliza huyo mzee ana umri gani. Sitini na kitu. “Basi mwache afe na jina lake. Rangi ni rangi.”

Nilitaka kusema kitabu kitaishi zaidi kuliko yeye. Mwalimu wa karakana mahali fulani atamwonyesha mwanafunzi, tazama, wazee wetu waliita huu urujuani. Na mtu akitia rangi sahihi ataambiwa imegeuka! Lakini nilikula wali wangu.


Jumatatu, 21 Novemba

Bwana Sugahara amesema mafundi wa kukata wanakuja Alhamisi asubuhi, baada ya sikukuu ya Jumatano. Hariri yote itakatwa. Ikishakatwa, hairudi.

Nikakusanya ujasiri wote niliokuwa nao. Nikasema, Bwana Katibu, je, ingekuwa vibaya tukimwomba Mzee atazame urujuani mara moja tena, kwenye mwanga mwingine?

Aliweka kalamu chini.

“Binti Tsukuda. Nani alikuwa wa kwanza kusema zinafanana?”

“Mimi.”

“Basi.” Akachukua kalamu. Kisha, bila kuinua uso, akasema si kwa ubaya: “Unadhani ni wewe peke yako usiyelala kwa raha? Andika historia yako.”

Nimeiandika. Imekwisha. Mshumaa wameupenda, wanasema ni kisa kizuri. Kwenye madhumuni niliweka “kukosoana”, yeye akafuta kwa wino mwekundu akaandika “kushirikiana”. Nimenakili upya kwa mwandiko safi.


Jumanne, 22 Novemba

Niko kwa Mzee Inokuma, nimeketi kwenye kibaraza cha karakana. Naandika kwa sababu nisipoandika nitakimbia.

Nilikuja na udhuru wa kumsomea historia. Ofisini niliaga kuwa nakwenda posta. Nilimkuta kwenye sufuria ya urujuani, anatia rangi hariri ya akiba, isije ikapungua wakati wa kukata. Mikono ndani ya maji mpaka viwikoni, anakoroga polepole, kama mtu anayemwogesha mtoto.

“Soma, soma,” akasema. “Masikio hayana kazi.”

Nikasoma. Kwenye mshumaa akacheka. Nilipofika kwenye madhumuni nikasoma “kushirikiana”, akasimamisha mkono.

“Mimi nilikwambia neno hilo?”

“Hapana, Mzee.”

“Nilikwambia lipi?”

“Kukosoana.”

“Hm.” Akaendelea kukoroga. “Sugahara ni mtu mpole. Baba yake pia alikuwa mpole. Hawakuwahi kutia rangi kitu kikakaa.”

Nikafikiri, sasa. Sikuweza. Nikamsifia mkamelia wake.

Akainua hariri kwa vijiti, maji yakamwagika, akaniambia niishike upande mmoja nimsaidie kuitandaza kwenye mwanga. Nikashika. Ilikuwa bado na joto. Naye akasogea karibu, akapepesa macho, akarudi nyuma, akasogea tena. Akageukia ndoo ya jivu. Akachota.

“Bado haijafika,” akasema, akinena na nafsi yake. “Ina wekundu wa ukaidi leo. Wewe waionaje?”

Ilikuwa imefika. Ilikuwa imeshapita! Na kijiko kiko juu ya sufuria.

“Mzee, usitie.”

Alingoja.

“Jivu limezidi,” nikasema. “Ni buluu.”

Hakukasirika. Ningejua la kufanya kama angekasirika. Akarudisha kijiko ndooni, taratibu, kisimwagike.

“Ni buluu kiasi gani?”

“Sana, Mzee.”

“Na ile ya kitabu?”

Nikatazama chini. Nikasema ile pia.

“Kipande Mama?”

“Hakikugeuka.”

Alikaa kwenye pipa lililopinduliwa. Mikono imelala magotini, imeiva rangi mpaka kwenye mikunjo, na nilijua hata mikono yake mwenyewe haioni kama ninavyoiona. Akauliza nani mwingine anajua. Nikakaa kimya. Akasema, Hatano? Kimya. Oginuma? Akakitazama kimya changu, akajijibu mwenyewe mmoja baada ya mwingine, majina yote ya meza ile. Alipofika kwa yule wa meno akatoa sauti fupi, sijui kama ilikuwa kicheko.

“Nami niliwauliza,” akasema. “Nilikusimamisha wewe, nikakuuliza.”

“Ndiyo, Mzee.”

“Nilikuwa na shaka tangu kiangazi. Nikasema moyoni, mtoto huyu hana cha kupoteza, atasema.”

Sina la kuandika hapa. Nimejaribu mara mbili.

Akainuka akaingia ndani, mkono mmoja ukipapasa fremu ya mlango. Chizu akatoka jikoni na ndoo, akauona moto umeachwa, akaniona mimi. “Umemwambia nini baba?” Nikamweleza. Akaweka ndoo chini, maji yakaruka.

“Ninyi mliosoma hamna haya,” akasema, kwa sauti ya chini ili asisikike ndani. “Mimi humpangia nyuzi kila asubuhi, nyeupe huku, manjano huku, ili asijue. Nilikuwa nimebakiza kitabu hiki kimoja. Kitoke, afurahi, aache kazi mwenyewe, kwa heshima. Umesubiri mpaka leo ndipo ukapata mdomo? Si ungesema mapema, au ungenyamaza kabisa!”

Ana haki. Mara zote mbili ana haki. Nilimwinamia, akanipa mgongo, akaenda kuufukia moto.

Ndani nasikia makabati yanafunguliwa. Droo. Karatasi. Nimeendelea kuandika, sijui nifanye nini na mikono. Nilifikiri labda anaandika kumjulisha Bwana Sugahara, na kwamba kesho kutwa sitakuwa na kiti.

Ametoka. Amebeba mabaki ya hariri zote za kitabu, siyo urujuani peke yake, zimelala mikononi kama kuni. Chizu anasema baba, kuna baridi. Hakujibu. Anazitandaza kwenye mbao za kibaraza, mbele yangu, moja moja, akinyoosha kila mkunjo kwa kiganja. Samawati. Kijani cha mianzi. Manjano. Nili tatu. Kibaraza kimejaa, bado anatandaza. Sikuzitazama siku ile. Nilikuwa nangojea moja tu.

Ameketi ng'ambo ya hariri, ameelekeza uso kwangu. Anaona kalamu inakwenda. Nadhani anafikiri nimeshaanza kuorodhesha zilizoharibika.

Ya kwanza, karibu na goti langu, ni samawati. Naitazama.

“Usiandike,” anasema. “Sema.”